Pafyumu ya matunda na maua: dada ananukia, je mbu anasemaje?

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee kunukia. Hapa Ifakara naona kina dada wengi wanapenda zile pafyumu zenye harufu ya matunda na maua kwa pamoja. Mkipishana stendi unahisi kama kuna pasheni limepasuliwa chini ya mti wa asumini. Ila kuna maneno nayasikia sana mtaani: eti ukijipulizia hiyo unaita mbu. Ni kweli?

Kwanza raha yenyewe. Pafyumu ya namna hii inanukia kwa zamu. Ukijipulizia tu, yanatangulia matunda, maana harufu zake ni nyepesi na zinaruka haraka. Baadaye yanakuja maua. Mwisho zinabaki zile nzito kama vanila, zinazong'ang'ania kwenye nguo. Na kwa joto la bonde letu mambo yote hayo yanakwenda mbio: umenukia asubuhi, jioni imebaki stori.

Ule uchangamfu je? Harufu ina njia fupi ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Kwetu matunda ni msimu wa maembe na likizo ya Desemba, maua ni harusi. Ukivichanganya, dada anaamka Jumatatu anakwenda kibaruani lakini moyoni ni sikukuu. Binafsi naona hapo ananukia kwa ajili yake mwenyewe kwanza, sisi wengine tunafaidi tu.

Sasa turudi kwa mbu. Ni kweli mbu, dume na jike, wananyonya maji matamu ya maua na matunda. Nadhani hofu inaanzia hapo. Lakini jike akitaka damu ya kukuzia mayai anamfuata mtu: pumzi tunayotoa, jasho, harufu ya ngozi na miguu.

Hili limepimwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya harufu ya kutengeneza, yenye amonia, asidi ya laktiki na asidi nyingine za mwilini, pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi. Kibanda chenye harufu hiyo kilivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko kibanda kingine alichokuwamo mtu. Walipowekwa kibanda kimoja, mtu hakushindwa tena. Mchanganyiko huo haukuwa na ua wala tunda, ni sisi watupu!

Na huko Marekani, mwaka 2015 watafiti wa New Mexico walijaribu pafyumu ya kike ya matunda na maua, Bombshell ya Victoria's Secret. Walitegemea ivute mbu. Wapi! Mbu waliukwepa mkono kwa takriban saa mbili.

Lakini msikimbilie dukani. Ile ilipakwa nyingi, na mbu wenyewe walikuwa Aedes, wale wanaoeneza dengi. Wanaotusumbua na malaria huku bondeni ni Anofelesi, wanaouma usiku, wakati pafyumu yako ya asubuhi imeshakwenda zake. Saa mbili zenyewe hazikufikishi hata usiku wa manane.

Kwa hiyo kaka, acha kumwambia dada yako anawaletea mbu nyumbani. Na wewe dada, nukia kwa raha zako, lakini chupa ile siyo kinga. Ukikaa barazani jioni paka dawa ya mbu, ukilala shusha chandarua. Na mnaohamia mashambani msimu wa mpunga, neti iende nanyi mpaka kwenye dungu. Homa ikikushika kapime haraka.

Haya wadau, mnasemaje? Huko kwenu mbu wanachagua pafyumu?