Chungu cha mbwa: namna ya kupikia mbwa wakubwa



Tangu mbwa wawili wakubwa waletwe kulinda depo na nyumba ya kuku, kuna ulizo moja linalorudi kila wiki kwetu sisi makapita: wale nini? Hawa si mbwa wadogo wa kijiji. Ni berje wa Ujerumani, dume na jike. Dume, ambaye wote munamjua kwa jina la Simba, tulimpima kwa mizani ya depo: mmoja wetu alipanda pamoja naye mikononi, kisha tukatoa uzito wa mwanafunzi. Zilibaki kilo 35. (Mwanafunzi hataki uzito wake uandikwe hapa.)

Jibu tunalosikia mara nyingi kwenye mlango wa jikoni ni hili: "Imbwa inakulaka yote." Sisi makapita wa mwaka wa mwisho, wenye zamu ya jikoni, tumechunguza maneno hayo. Tumesoma, tumemuuliza veterineri, na tangu mwanzo wa muhula ni sisi tunaopika chungu chao. Tunaandika sasa juu jike amezaa watoto watano, na wengine kati yenu mumekwisha kuomba mmoja wa kupeleka nyumbani. Mbele ya kuchukua mtoto wa mbwa wa namna hii, ni vizuri mujue atakula nini.

Tuanze na kweli iliyo ndani ya lile jibu. Mbwa si simba wa pori, wala si mbwa-mwitu. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa wa nyumbani ana uwezo wa kusaga wanga kupita mbwa-mwitu, kwani ameishi na watu na kula mabaki yao miaka maelfu. Basi bugali haumdhuru. Bugali ni chakula chake sawa vile ni chakula chetu. Lakini bugali peke yake haumtoshi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu 8 hivi za protini, na mbwa wa kilo 35 anahitaji kama gramu 80 kwa siku. Ukitaka kumpa protini zote kwa bugali, itakupasa kupika kilo nzima ya unga, naye atanenepa kama nguruwe na bado mifupa yake itakosa kalsi.

Sasa kiasi. Mbwa mzima wa kilo 35 anatumia karibu kilokalori 1600 hadi 1800 kwa siku, kufuatana na kazi yake. Wengi wanafikiri kwamba kwa kuwa ni mkubwa mara mbili na zaidi kuliko mbwa wa kwetu wa kilo 15, atakula mara mbili na nusu au mara tatu. Hapana. Mwili mkubwa unatumia nguvu kidogo kwa kila kilo kuliko mwili mdogo. Anakula karibu mara mbili tu.

Hiki ndicho chungu chetu, kwa mbwa mmoja na kwa siku moja: gramu 300 za unga wa mahindi, ndiyo vikombe viwili na nusu vya chai, gramu 100 za ndakala au sambaza wakavu, mboga kiasi cha mkono mmoja, kama lengalenga, matembele au kipande cha boga, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya mawese. Chumvi hatutii, kwani samaki wa soko mara nyingi wamekwisha kutiwa.

Loweka samaki katika maji ya moto, mwaga, loweka tena. Mchanga unabaki chini na chumvi inapungua. Chemsha maji lita moja na robo, tia samaki wazima pamoja na vichwa, waache dakika 15. Tia mboga iliyokatwa kidogo kidogo sana, kwa sababu mbwa hatafuni majani, anameza tu. Kisha tia unga polepole huku ukikoroga, sawa unapika uji mzito, si bugali mkavu. Acha juu ya makala dakika 20, koroga usiungue chini. Mafuta yanaingia mwisho. Usimpe mbele ya chakula kupoa: tia kidole, ukivumilia, na yeye atavumilia.

Juu ya nini samaki wadogo? Mbwa anamla mzima, na mifupa yake membamba ina kalsi. Mtu akimpa mbwa nyama nzuri na bugali kila siku, anadhani anamtunza, kumbe nyama na unga vina fosfori nyingi na kalsi kidogo sana. Mwili unakwenda kuiba kalsi katika mifupa yake wenyewe. Ndakala anamaliza shida hiyo bila dawa yoyote.

Siku samaki wanapokosa sokoni tunanunua mapafu na moyo wa ng'ombe, gramu 400 mahali pa samaki. Hapo kalsi inakosa, basi tunatia maganda ya mayai. Osha maganda, yakaushe motoni, yatwange katika kinu mpaka yawe laini kama unga. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 2 hivi za kalsi, na hiyo inatosha siku nzima. Siku ya samaki, usitie maganda. Nayo mapafu na maini yasitupwe mabichi hata kidogo. Ndani yake mnaweza kuwa vifuko vya maji, vyenye mnyoo wa tegu ungali mchanga. Mbwa anakula, mnyoo unakua ndani yake, na mayai yake yanarudi kwetu kwa mikono isiyonawiwa. Chemsha mpaka ndani hakuna wekundu. Maini tunayapenda, na mbwa pia, lakini kipande kidogo mara moja kwa wiki, kwani yana vitamini A nyingi, na ikizidi inakuwa sumu.

Tunataka kusema wazi: chungu hiki si kamili. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California huko Davis kilichapisha uchunguzi wa mapishi 200 ya nyumbani ya mbwa, na katika kila 100, 95 yalikosa angalau kitu kimoja cha lazima. Basi tunabadilisha mboga, tunabadilisha samaki na nyama, tunatia yai la kupikwa mara mbili kwa wiki kuku wakitaga vizuri. Kama munamwona Simba anapoteza manyoya au anachechemea, mutuambie.

Sasa tufike kwenye maneno yaliyoleta kelele muhula huu. Mvua ya mwezi uliopita iliingia kwenye paa la depo, na mfuko mmoja wa unga ulilowa. Siku chache baadaye uliota ukungu, wa kijani pembeni, na harufu. Wote walikubali kwamba wanafunzi hawatakula. Lakini wengine walisema: "Mupatie imbwa, iko na tumbo la nguvu." Sisi tulikataa, na msimamizi wa depo alikubaliana nasi. Mfuko ulizikwa, na tunajua wako wanaosema kwamba makapita walitupa chakula.

Hakikuwa chakula tena. Ukungu wa mahindi unaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoxini, na sumu hiyo inashika maini. Moto wa jikoni hauiui: ukungu unakufa, sumu inabaki. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwishoni mwa 2005, Marekani, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha kiwanda kilichotengenezwa na mahindi mabaya. Na hapa ndipo ile hadithi ya tumbo la nguvu inapoanguka: mbwa ni kati ya wanyama wanaodhurika upesi kabisa na aflatoxini. Anaacha kula, anatapika, macho na ufizi vinakuwa manjano, na mara nyingi ukiona manjano umekwisha kuchelewa. Kuku nao hawavumilii, na bata ni wabaya zaidi, basi kuwapa wao si dawa. Kuondoa sehemu ya kijani na kupika iliyobaki nako hakusaidii, kwani sumu haionekani kwa macho. Unga wa mbwa unapaswa kutoka katika mfuko uleule tunaokula sisi. Na mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kazi hiyo wanafunzi wa mwaka wa tatu wameifanya vizuri, tunawashukuru.

Neno jingine linahusu mbwa wakubwa hasa, wenye kifua kirefu. Chakula cha siku tunakigawa mara mbili, asubuhi na jioni, na nyuma ya kula mbwa anapumzika saa nzima na zaidi, bila kukimbizwa. Akila sana kwa mara moja, kisha akaruka-ruka, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda lenyewe, mlango wa juu na wa chini ukafungwa. Utamwona tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka isipokuwa mate. Hiyo si ya kungoja kesho. Saa chache tu anakufa, na dawa ni kupasuliwa. Wavulana wa interna wanaomrushia Simba mpira mara tu nyuma ya chakula cha jioni wasome tena mistari hii.

Mabaki ya sahani zetu hatumpi, si kwa majivuno. Mchuzi wetu una vitunguu, na vitunguu, hata vikipikwa, vinaharibu damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vipande vya chupa. Chokoleti ni sumu kwake. Kasiksi pia, hata kama wengine wanaona ni mchezo. Maharagwe yaliyoiva vizuri bila vitunguu na bila pilipili, hayo yanafaa mara kwa mara.

Juu ya wale watoto watano. Watabaki kwa mama yao mpaka watimize wiki 8. Mtoto wa mbwa mkubwa anakua mwaka mzima na zaidi, na kosa la watu wenye moyo mzuri ni kumharakisha. Wanamjaza chakula, wanatwanga mifupa na maganda ya mayai kila siku ili awe na miguu ya nguvu. Huko Utrecht, Uholanzi, wataalamu waliwapa watoto wa mbwa wa Great Dane kalsi ya kupita kiasi, na majibu yao ya 1985 yalikuwa wazi: mifupa haikuwa na nguvu zaidi, iliharibika. Mtoto mdogo hajui kukataa kalsi iliyozidi, tumbo lake linaipokea. Ikikosa, miguu inapinda. Ikizidi, viungo vinaharibika. Chungu chetu ni cha mbwa mzima. Kwa mtoto mutazidisha samaki na kupunguza unga, mutagawa mara nne kwa siku, kisha mara tatu, na kiasi chenyewe tutakiandika kwa kila mtoto pamoja na veterineri, kufuatana na uzito wake. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zisikike bila kukandamiza, lakini zisionekane kwa mbali. Hata mbwa mzima ni vile. Uchunguzi mmoja wa Marekani juu ya Labrador 48, uliotolewa 2002, ulionyesha kwamba wale waliopewa robo pungufu waliishi karibu miaka 13, wenzao miaka 11.

Tunajua kuna neno ambalo wengine wanalisema chini-chini, na ni neno la haki. Mwanafunzi mmoja alituuliza mbele ya wote: "Kwetu nyumbani tunakula samaki mara moja kwa wiki, na ninyi munawapikia mbwa?" Hatukumcheka. Gramu 100 kwa siku kwa kila mbwa ni kilo 6 za samaki kwa mwezi kwa wote wawili, na hiyo ni pesa. Samaki hao hawatoki katika fungu la wanafunzi. Wananunuliwa kwa mayai yanayouzwa, na kuku hao ndio wanaolindwa. Mwaka 2011 Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa huko Rumangabo, nao pia ni wakubwa, wa jamii ya Saint-Hubert. Mbwa wa kazi analishwa, ndiyo mshahara wake. Mbwa mwenye njaa anaacha lango na kwenda kutafuta kwenye majalala ya kijiji, anapigana na mbwa wengine, na siku moja anarudi na kichaa. Ugonjwa huo unaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, na kati ya wanaoumwa kuna watoto wengi. Chanjo na chungu vinakwenda pamoja.

Lakini yule mwenzetu ana haki kwa upande huu: nyumba isiyoweza kupata samaki kwa watoto wake isichukue mbwa wa kilo 35 kwa sababu ni mzuri kwa macho. Mbwa wa kwetu wa kilo 15 anabweka vilevile, na anakula nusu.

Wanaotaka mtoto wa mbwa waje siku ya posho, nyuma ya kazi za mikono, nyumba ya jikoni, pamoja na barua ya mzazi. Tutapika chungu mbele yao, saa nane. Mwenye kinu kidogo akilete, kwani cha jikoni kimepasuka.