Ubakaji: Saa 72 zinazoamua tiba na haki ya manusura

SWALI la kwanza linalomkabili manusura wa ubakaji nchini Kenya huwa si la daktari wala la hakimu. Ni swali la njia: aanzie kituo cha polisi au hospitalini?

Wengi huambiwa na jamaa na majirani kwamba hakuna daktari atakayewagusa kabla hawajapata karatasi ya polisi. Ushauri huo si sahihi, nao huweza kumnyima manusura tiba ambayo muda wake huhesabiwa kwa saa.

Wizara ya Afya ilitoa miongozo ya kitaifa ya kuwahudumia manusura wa dhuluma za kingono mwaka 2004, ikaifanyia marekebisho mwaka 2009 na 2014. Kwa mujibu wa miongozo hiyo, kumtibu manusura hakutegemei kama ameripoti kwa polisi au la. Aidha, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 35, inaeleza kwamba gharama za matibabu na ushauri nasaha kwa manusura zitabebwa na serikali.

Suala hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 13 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa dhuluma za kingono katika maisha yao. Wanaume na wavulana pia hudhulumiwa, na huduma zinazoelezwa hapa ni haki yao vilevile.

Tiba isiyongoja

Hatari kubwa ya mwanzo, baada ya majeraha yenyewe, ni kuambukizwa virusi vya ukimwi. Dawa za kuzuia maambukizi hayo, zijulikanazo kwa kifupi kama PEP, hazina budi kuanza kutumiwa ndani ya saa 72 tangu tukio. Kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza.

Mwanamke au msichana anayeweza kushika mimba hupewa vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo hufaa vikitumiwa ndani ya saa 120, yaani siku tano. Hapa pia, kuchelewa hupunguza nguvu ya dawa.

Tiba nyingine ni dawa za kukinga magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na, iwapo kuna vidonda, chanjo ya pepopunda. Manusura hupimwa virusi vya ukimwi siku ya kwanza, kisha hurudi kupimwa tena baada ya wiki kadhaa na baada ya miezi mitatu.

Ushauri nasaha nao ni sehemu ya tiba. Hofu, kukosa usingizi na kujilaumu ni mambo ya kawaida baada ya dhuluma kama hii, na mtu asiyepata wa kumsikiliza huenda akaacha dawa kabla siku 28 hazijatimia au akakosa nguvu ya kusimama mahakamani.

Fomu mbili, kazi mbili

Tiba ikiendelea, mhudumu wa afya hufanya kazi nyingine iliyo na uzito wa kisheria. Hujaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, iitwayo PRC, ambayo katika orodha ya wizara ni MOH 363. Humo huandikwa maelezo ya manusura, majeraha yaliyoonekana, hali ya nguo, sampuli zilizochukuliwa na dawa zilizotolewa.

Fomu hiyo hujazwa nakala tatu. Nakala halisi hupelekwa kwa polisi, ya pili hukabidhiwa manusura na ya tatu hubaki hospitalini. Manusura anashauriwa aitunze nakala yake kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kesi inaweza kusikizwa miaka kadhaa baadaye, wakati mhudumu aliyemtibu amehamishwa au faili haionekani.

Fomu ya P3 ni tofauti. Hutolewa na polisi bila malipo baada ya tukio kuripotiwa na kuandikwa katika kitabu cha matukio, na manusura hupewa nambari ya OB. Daktari au afisa wa kliniki huijaza akieleza majeraha, na huweza kuitwa mahakamani kuitolea ushahidi. Mara nyingi P3 hujazwa siku kadhaa baada ya tukio, wakati alama za mwilini zimeanza kufifia. Hapo ndipo umuhimu wa PRC unapodhihirika, kwani iliandikwa mapema na mambo yaliyomo huweza kunukuliwa katika P3.

Ushahidi huharibika upesi

Ndiyo sababu manusura hushauriwa asioge, asifue nguo na asibadilishe mavazi kabla ya kuchunguzwa, ingawa hamu ya kujisafisha ni kubwa. Ikiwa amekwisha kubadilisha, azibebe nguo alizokuwa amevaa.

Nguo hizo zifungwe katika mfuko wa karatasi au gazeti safi, si mfuko wa plastiki. Plastiki hufungia unyevunyevu, na unyevunyevu huotesha ukungu unaoharibu chembechembe ambazo maabara ya serikali huhitaji ili kutambua vinasaba vya mshukiwa. Kifungu cha 36 cha sheria ya mwaka 2006 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli kwa ajili ya kulinganisha.

Kila anayepokea kielelezo, kuanzia muuguzi hadi mpelelezi na mtaalamu wa maabara, hana budi kutia saini na kuandika tarehe. Pengo moja katika mfululizo huo humpa wakili wa utetezi nafasi ya kuuliza kama nguo iliyo mbele ya hakimu ndiyo ile iliyotoka hospitalini.

Hata hivyo, aliyeoga au aliyechelewa hajapoteza kesi. Mwaka 2006, Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilieleza kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakumalizi kesi, kwani ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maelezo ya mdomo ya aliyedhulumiwa au kwa mazingira ya tukio. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, nayo inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa manusura pekee, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake.

Nani anaweza kuifuta kesi?

Katika jamii nyingi, wazee huketi na familia mbili, faini hutozwa na mambo hudaiwa kuwa yamekwisha. Kaskazini Mashariki mwa nchi utaratibu huo hujulikana kama maslaha. Anayelipwa aghalabu ni familia, si msichana aliyedhulumiwa.

Kisheria, makubaliano hayo hayafuti kosa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kiliweka uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na mamlaka ya mashtaka sasa yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hayako kwa baba wa mtoto, chifu wala mkuu wa kituo cha polisi.

Polisi nao wana wajibu wao. Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao upesi na ipasavyo. Desemba 2020, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliagiza manusura wanne wa dhuluma za kingono zilizotendwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 walipwe fidia ya Sh4 milioni kila mmoja.

Hofu ya kugeuziwa kibao pia imepungua. Sheria ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 38 kilichomwadhibu aliyetoa madai ya uongo kwa adhabu ile ile ya kosa alilodai. Watetezi wa haki walilalamika kwamba kiliwanyamazisha wanaodhulumiwa, na kikafutwa mwaka 2012.

Mbele ya hakimu

Mahakamani, mtoto au shahidi mwingine aliye katika hali ngumu anaweza kutoa ushahidi akiwa nyuma ya kizuizi, kupitia msaidizi wa kumsemea, au milango ikiwa imefungwa kwa umma. Utambulisho wake unaweza kuzuiwa kuchapishwa. Maswali kuhusu historia yake ya mapenzi hayaruhusiwi isipokuwa kwa idhini ya mahakama.

Kesi huendeshwa na mwendesha mashtaka wa umma, lakini manusura anaweza kuwa na wakili wake. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 ilimpa nafasi ya kusikizwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba wakili huyo anaweza kushiriki katika kesi bila kuchukua nafasi ya upande wa mashtaka. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kuyaendea mashirika kama FIDA-Kenya na COVAW.

Mwaka 2022, Idara ya Mahakama ilizindua huko Shanzu, Mombasa, mahakama ya kwanza nchini iliyotengewa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia. Kabla ya hapo, Hospitali Kuu ya Pwani ilikuwa na kituo cha kuwahudumia manusura tangu 2007, na Nairobi Women's Hospital ilifungua chake mwaka 2001. Faida ya vituo kama hivi ni kwamba tiba, ushauri nasaha na uandishi wa fomu hupatikana mahali pamoja, hivyo manusura hasimulii mkasa wake upya katika kila dirisha.

Mambo ya kukumbuka

Nenda kwanza katika hospitali iliyo karibu, ndani ya saa 72 ikiwezekana, hata kama hujaripoti kwa polisi. Beba nguo ulizokuwa umevaa. Omba fomu ya PRC ijazwe, na usiondoke bila nakala yako. Kisha ripoti kituoni, chukua nambari ya OB na fomu ya P3.

Simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia saa 24, na nambari 116 ni ya watoto.

Saa 72 zikipita, usikae nyumbani. Nafasi ya PEP itakuwa imepita, lakini tiba nyingine, ushauri nasaha na mlango wa mahakama bado viko wazi.