Risasi Ndogo na Kipimo cha Mnyama

Kila wapenzi wa bunduki nyepesi wakutanapo, jina la W. D. M. Bell halikosi kutajwa. Mskoti huyo, aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda ndovu huko Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, hata akabandikwa jina la nchi hiyo. Aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu, ilhali wenzake walibeba bunduki nzito zilizowaumiza mabega. Tangu hapo wapo wanaodai kwamba ukubwa wa risasi si kitu. Dai hilo limewatia vilema wanyama wengi.

Yafaa tutazame Bell alitumia nini hasa. Kichwa cha risasi yake kilikuwa kirefu, chenye uzito wa gramu 11 hivi, kimevikwa vazi gumu lisilotanuka. Mwendo wake ulikuwa wa kadiri, kama mita 700 kwa sekunde. Urefu na ugumu huo ndio uliokipenyeza katika mfupa hadi kwenye ubongo. Tena Bell alipasua mafuvu ya ndovu kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo. Wanaomwiga husahau msumeno.

Kwa mwindaji mwenye kibali atafutaye kitoweo, risasi ya kwanza ni ile fupi ya kaliba ya .22, iliyotokea Marekani mwaka 1887. Kichwa chake ni gramu 2.6. Yatosha kwa sungura, kwale na kanga, katika hatua sitini hivi. Paa akipigwa kwayo hukimbia, akafia kichakani, na anayefaidi ni fisi. Wala isidharauliwe kwa udogo wake, kwani ikikosa shabaha huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na nyuma ya kanga huenda pana shamba la mtu.

Hornet ina upana uo huo, lakini ganda lake hubeba baruti nyingi zaidi, na kichwa cha gramu 2.9 hutoka kwa mwendo wa mita 800 kwa sekunde. Kwa digidigi, mpaka hatua 150, sijaona iliyo bora kwa bunduki nyepesi. Ila mnunuzi aangalie ncha. Ncha laini hutanuka mwilini na kumwangusha digidigi papo hapo. Kanga akipigwa kwayo, mpishi hupokea manyoya. Kwa ndege wa kuliwa chukua vazi gumu, litoboalo tundu dogo.

Kishawishi kikubwa ni .222 ya mwaka 1950. Inapita mita 900 kwa sekunde, na mwendo huo huwalewesha vijana. Lakini kichwa chake cha gramu 3.2, chenye vazi jembamba, huweza kuvunjika juu ya mfupa wa bega. Hapo huacha jeraha pana lisilo na kina, na pongo dume wa kilo 50 au zaidi huenda nalo siku nzima. Kwa mnyama wa kimo hicho, mimi sishuki chini ya .243 yenye kichwa cha gramu 6.5.

Wala hilo halitibiwi kwa kutia kichwa kizito katika bunduki ya Hornet. Mifuo iliyomo ndani ya kasiba yake kwa kawaida hujipinda polepole, ikikusudiwa vichwa vifupi. Kirefu hakizungushwi vya kutosha, nacho huyumba hewani.

Ukishachagua, nunua pakiti kadhaa za aina moja, za kiwanda kimoja. Bunduki ile ile hupiga mahali mbalimbali kwa risasi za namna mbalimbali. Kabla ya kuingia porini, weka karatasi mbele ya kingo ya udongo, hatua mia, ufyatue tatu kwa utulivu. Zikitawanyika kupita upana wa kiganja, sogea karibu hadi zikusanyike. Umbali huo ndio mpaka wako kwa mnyama.