Malangatana na Kuta Zinazotazama

Ndugu zetu wa majeshi na wa polisi, ambao kazi yao ni kukesha ili wananchi wapate usingizi, pengine watajiuliza picha za rangi zina haja gani na mtu aliyevaa sare. Picha haizuii risasi, haivushi kikosi mto, wala haimkamati mwizi. Hata hivyo, historia ya Msumbiji inatupa habari za mchoraji mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa brashi na rangi, na ambaye dola ya kikoloni ilimwona kuwa ni mtu wa kutiwa kifungoni. Jina lake ni Malangatana Valente Ngwenya. Twapenda kueleza maisha yake na fikira zilizomo katika picha zake, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalomhusu kila mwenye kubeba silaha kwa niaba ya umma.

Malangatana alizaliwa tarehe 6 Juni 1936 katika kijiji cha Matalana, wilaya ya Marracuene, kaskazini ya mji mkuu ambao zamani hizo uliitwa Lourenço Marques na leo unaitwa Maputo. Marracuene si jina geni katika historia ya vita. Hapo ndipo wapiganaji wa kabila la Waronga walipokabiliana na majeshi ya Wareno tarehe 2 Februari 1895, na hadi leo siku hiyo huadhimishwa kwa sherehe iitwayo Gwaza Muthini. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika ardhi ambayo wazee wake walikuwa bado wanakumbuka damu iliyomwagika juu yake.

Baba yake alikuwa mmoja wa wanaume wengi wa kusini ya Msumbiji waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya Afrika ya Kusini. Mama yake alikuwa fundi wa mikono. Alipamba vibuyu kwa shanga na kuchonga meno ya wasichana, kama ilivyokuwa desturi ya urembo wakati ule. Katika ukoo wao walikuwamo pia waganga wa jadi. Isitoshe, mtoto alipelekwa katika shule ya misheni, akasikia habari za mbingu, jehanamu na siku ya hukumu. Mambo yote hayo, yaani meno yaliyochongwa, mganga na vibuyu vyake, padri na msalaba wake, na baba aliyemezwa na mgodi, tutayakuta baadaye katika picha zake.

Alipofika umri wa kiasi cha miaka 12 aliondoka kijijini akaenda mjini kutafuta riziki. Alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, kisha akawa mwokota mipira katika klabu ya tenisi ya wakoloni, na usiku akasoma. Mmoja wa wachezaji hapo, Augusto Cabral, ambaye naye alikuwa mchoraji, ndiye aliyempa rangi na vifaa vyake vya kwanza. Baadaye mjenzi mashuhuri wa majumba, Pancho Guedes, alimpa chumba cha kufanyia kazi nyumbani kwake na akawa ananunua picha zake kila mwezi, ili kijana apate kuacha utumishi na kuishi kwa sanaa. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 25 tu, Malangatana alifanya maonyesho ya picha zake peke yake katika mji ule ule aliokuwa akiokota mipira.

Basi picha hizo zilikuwa za namna gani? Anayezitazama kwa mara ya kwanza hupigwa na mambo matatu. La kwanza ni msongamano. Katika turubai la Malangatana aghalabu hamna nafasi tupu. Watu, wanyama na mazimwi wamebanana bega kwa bega, uso juu ya uso, tangu pembe moja ya picha hata nyingine. La pili ni meno na makucha. Vinywa vimeachama, vidole vimenyoshwa vikishika kitu au vikimshika mtu. La tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni macho. Macho makubwa, meupe, yaliyokodolewa. Na mengi kati ya hayo hayamtazami aliye ndani ya picha, bali yanakutazama wewe uliyesimama mbele yake.

Watu wengine hudhani kuwa hizo ni ndoto za usiku tu. Sisi twaona kuwa ni taarifa ya hali ya nchi. Msongamano ule ndio maisha ya mitaa ya makabwela pembezoni mwa Lourenço Marques, ambako Mwafrika aliishi katika vibanda huku mji wa saruji ukiwa ni wa mkoloni. Msongamano ule ndio mabweni ya wachimba migodi. Makucha na meno ni utawala uliomla mtu nguvu zake kwa kazi za kulazimishwa na kodi. Na katika picha ya mwaka 1961 inayohusu Hukumu ya Mwisho, mchoraji alilichukua fundisho la misheni, akaliweka mbele ya watu wake mwenyewe na kuwaachia swali: ni nani hasa atakayehukumiwa?

Swali hilo halikukaa katika picha peke yake. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 chini ya uongozi wa Eduardo Mondlane, na tarehe 25 Septemba 1964 kikaanzisha vita vya ukombozi katika jimbo la Cabo Delgado. Malangatana alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mji mkuu walioingia katika harakati za siri za chama hicho. Haikuchukua muda mrefu polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, wakamtia mbaroni. Wasanii wengine walikamatwa pia, wakiwamo mshairi José Craveirinha na mwandishi wa hadithi Luís Bernardo Honwana. Malangatana alikaa kifungoni kwa kiasi cha miezi 18, kisha mahakama haikumtia hatiani.

Humo gerezani hakuacha kuchora. Kwa kuwa hapakuwa na turubai wala rangi nyingi, alichora kwa kalamu na wino juu ya karatasi. Michoro hiyo ya gerezani ni midogo kwa kimo, lakini ina uzito wa ushahidi. Inawaonyesha wafungwa waliorundikana katika selo, miili imekunjamana, macho yakiwa wazi. Maofisa wa PIDE walikuwa na mafaili yao, na kila faili lilikuwa na jina, tarehe na tuhuma. Mfungwa naye alikuwa na faili lake, nalo ni karatasi ya michoro. Mafaili ya PIDE yalieleza kile ambacho serikali ilitaka mtu aonekane kuwa. Michoro ilieleza jinsi mtu alivyokuwa. Utawala wa kifashisti wa Ureno ulianguka tarehe 25 Aprili 1974, tena ukaangushwa na wanajeshi wa Ureno wenyewe waliochoshwa na vita vya kikoloni. PIDE ikavunjwa. Michoro ya yule mfungwa imebaki, na watu wa mataifa mbali mbali wamekwenda kuitazama katika majumba ya sanaa.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Nasi wa Uganda tusisahau kwamba uhuru huo ulitufaa. Mwaka 1976 vijana wa FRONASA, waliokuwa wakijitayarisha kumng'oa Idi Amin, walipokewa na kufunzwa vita huko Montepuez, kaskazini ya nchi hiyo. Kwa ajili hiyo, sanaa ya ukombozi wa Msumbiji si habari ya watu baki kwetu.

Katika miaka hiyo ya uhuru Malangatana aliitoa sanaa yake kutoka katika turubai na kuipeleka ukutani. Ukuta maarufu kuliko zote umo katika bustani ya Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mjini Maputo, alioupamba mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapo alichora habari za binadamu na maumbile: watu, wanyama na mimea wamefungamana pamoja kwa rangi kali, na yale macho yake yametapakaa kote. Wachoraji wengine nao wakafanya kazi kama hiyo, hata karibu na Uwanja wa Mashujaa upo ukuta mrefu unaosimulia kwa picha historia ya vita vya ukombozi.

Fikira iliyo nyuma ya kazi hiyo ni rahisi kuielewa. Picha ya turubai huweza kununuliwa na tajiri mmoja akaifungia sebuleni mwake. Picha ya ukutani hainunuliki namna hiyo. Mwenye kupita kwa miguu huiona, mchuuzi huiona, mtoto wa shule huiona, na askari aliye zamu huiona pia. Katika nchi ambayo wakati wa uhuru watu wengi sana hawakujua kusoma wala kuandika, ukuta ulikuwa gazeti la wasio na gazeti. Tena ukuta hauchagui msomaji wake. Haumuulizi cheo, kabila wala dini.

Lakini amani haikudumu. Tangu mwaka 1977 Msumbiji iliingia katika vita vingine, baina ya serikali ya FRELIMO na RENAMO, kundi lililoanzishwa kwa msaada wa utawala wa walowezi wa Rhodesia na baadaye likasaidiwa na makaburu wa Afrika ya Kusini. Vita hivyo viliendelea miaka 16. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walikufa kwa silaha na kwa njaa, na mamilioni wakayahama makazi yao. Picha za Malangatana za miaka hiyo zimejaa wekundu wa damu, mama wenye kukumbatia watoto, na mazimwi yenye kutafuna miili.

Hapa yafaa tuangalie jambo moja kwa makini. Mazimwi hayo mara nyingi hayana bendera wala sare. Mchoraji mwenyewe alikuwa mtu wa FRELIMO, hata akawa mbunge wake baadaye, na angeweza kuligeuza kila zimwi kuwa adui wa chama chake, mambo yakaishia hapo. Lakini katika turubai zake ukatili haukupewa upande mmoja tu wa kukaa. Mama anayelia hamuulizi aliyemuua mwanawe ni wa jeshi gani. Maana tunayoiona hapo ni kwamba mwenye silaha yeyote, hata aliyeanza na haki mkononi, akiacha kuwaona watu huanza kuota meno na makucha. Fundisho hilo ni gumu, na linazidi kuwa gumu kwa kuwa limetoka kwa rafiki wa mapinduzi, si kwa mpinzani wake.

Mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Baada ya hapo wengi waliona rangi za Malangatana zikibadilika. Buluu ikazidi kushika mahali pa wekundu, na sura zake zikapata utulivu. Macho hayakuondoka, ila yalipungukiwa na hofu. Mwenyewe alirudi Matalana, kijiji kilichokuwa kimeumizwa na vita, akashughulika na ujenzi wa kituo cha utamaduni ili watoto wa hapo wapate mahali pa kuchora, kucheza ngoma na kujifunza. Mwaka 1997 shirika la UNESCO lilimtunukia heshima ya Msanii wa Amani. Alifariki tarehe 5 Januari 2011 huko Matosinhos, Ureno, na mwili wake ukarudishwa nyumbani ukazikwa Matalana.

Basi sisi tuliovaa sare, au tunaoandika kwa ajili ya waliovaa sare, tunapata nini katika hayo? Wahenga walisema macho hayana pazia. Askari wa utawala wa kikoloni alifunzwa kumtazama mwananchi bila ya kumwona: alitazama kipande, kodi, kosa, kisha akapita. Malangatana aliigeuza amri hiyo. Katika kila picha na kila ukuta alimweka mwananchi akimtazama mwenye nguvu, wala hafumbi jicho.

Kwa jeshi la ukoloni hilo lilikuwa tishio. Kwa jeshi la wananchi, hilo ni kipimo cha kazi. Mahabusu aliye kituoni, mkimbizi aliye foleni ya kugawiwa unga, mama anayesimamishwa kizuizini usiku akiwa na mtoto mgonjwa: kila mmoja wao anamtazama askari, na atayakumbuka aliyoyaona muda mrefu baada ya zamu kubadilishwa. Askari mwenye nidhamu hana sababu ya kuyakwepa macho hayo. Naye atakayebahatika kupelekwa Maputo kikazi, na aingie katika bustani ya yale makumbusho, asimame mbele ya ukuta ule kwa dakika chache, na ajaribu kutazamwa.