Saa Kumi ya London si Saa Kumi ya Bibi

Simu inalia kutoka kwa GP. Mjukuu aliyezaliwa London anapokea, anasikiliza, kisha anamgeukia bibi yake: "Bibi, daktari anakutaka kesho saa kumi." Kesho yake bibi anafika alasiri, kajitanda vizuri, na anaambiwa miadi yake ilikuwa asubuhi. Aliyepiga simu alisema "ten o'clock". Mtoto hakukosea neno, ila alikosea saa sita nzima.

Karibu kila nyumba yetu ughaibuni inalijua kosa hili, na si ujinga. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa sababu karibu na ikweta jua halibadili sana desturi yake mwaka mzima. Waingereza wanahesabu tangu usiku wa manane, na tena tangu adhuhuri. London, mwezi Desemba jua huzama hata kabla ya saa kumi jioni; mwezi Juni saa tatu usiku bado linaonekana. Mtoto wa huku ataionaje mantiki ya saa yetu? Mwonyeshe saa ya ukutani: namba ya Kiswahili iko upande wa pili, ikitazamana na ya Kiingereza. Kumi inatazamana na nne, saba inatazamana na moja.

Siku na tarehe

"Half seven" kwa Mwingereza ni saa moja na nusu. Ndugu wanaohamia kutoka Ujerumani wawe macho, kwani kule usemi unaofanana na huo ni saa kumi na mbili na nusu.

"The other day" si siku nyingine. Sisi tukisema "siku nyingine" mara nyingi tunatazama mbele. Wao wanazungumzia majuzi, siku iliyokwisha pita.

"Fortnight" ni wiki mbili. Asili yake ni usiku kumi na nne. "Friday week" si Ijumaa hii inayokuja, ni ile inayofuata.

"By Friday" na "until Friday" huleta hasara. Ukiambiwa ulete fomu "by Friday", maana yake isizidi Ijumaa. Ofisi ikiwa wazi "until Friday", itakuwa wazi mpaka Ijumaa.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao watoto wetu wanaupoteza. Kiingereza cha leo hakina neno moja la juzi, wala la kesho kutwa, sembuse mtondo na mtondogoo. Wanalazimika kuzunguka kwa maneno mengi.

Kukumbuka na kusahau

Kosa la kwanza ni "remember me to call". "Remember" ni kukumbuka. "Remind" ni kukumbusha. Sema "remind me to call". Ukiacha mkoba nyumbani, sema "I left my bag at home". Wengi wetu husema "I forgot my bag at home", lakini kwa Kiingereza sanifu, ukitaja mahali, kitenzi ni "left".

"It slipped my mind" ni kusema jambo limenipitia. Ni njia ya adabu ya kuomba radhi. "That rings a bell" maana yake nalikumbuka kidogo, sina hakika. "Jog my memory" ni kumwomba mtu akudokeze ili ukumbuke. "By heart" ni kwa moyo, au kama walimu wa chuoni wasemavyo, kwa ghibu.

Kuna usemi mmoja ambao Mswahili anauelewa kuliko wenyewe: "at the eleventh hour", yaani dakika za mwisho. Umetoka katika Injili ya Mathayo, kwenye mfano wa vibarua walioajiriwa saa ya kumi na moja. Mwingereza wa leo huenda akajiuliza kwa nini kumi na moja. Sisi tunajua: saa kumi na moja jioni, imebaki saa moja jua lizame.

Pale saa inapokuwa kipimo

Jambo hili linaweza kuwa zito. Katika vipimo vya kumbukumbu kwa wazee, mara nyingi mgonjwa huombwa achore uso wa saa na kuweka mishale kwenye "ten past eleven". Mkalimani akisema "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee aliyekulia Tanga au Mombasa ataweka mshale mfupi kwenye tano. Kwa saa aliyoizoea amepatia kabisa, lakini kwenye karatasi huenda ikaandikwa amekosea. Tafsiri sahihi ni saa tano na dakika kumi.

Kwa hiyo usimwachie mtoto kazi hii. Kwenye huduma za NHS unaweza kuomba mkalimani bila kulipa. Omba mapema, wakati wa kupanga miadi. Kabla hawajaanza, mweleze daktari kwamba mzee wako anahesabu saa kwa Kiswahili. Na miadi ikija kwa simu, iandike kwa namba, 10:00, kisha mwambie mzee: "saa nne asubuhi". Mjukuu naye asikie zote mbili. Siku moja ni yeye atakayempokea simu mama yake.