Fahamu: Wayaaku wa Mukogodo, kutoka mizinga hadi ng'ombe

Wayaaku ni jamii ndogo ya msitu wa Mukogodo, kaskazini mwa Nanyuki, Kenya. Zamani waliishi mapangoni, wakiwinda na kurina asali. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Majirani wafugaji waliwaita kwa jina la dharau, mafukara wasio na ng'ombe, nao wakoloni wakalichukua: Wandorobo. Wasichana wao walipoanza kuolewa kwa mifugo, mizinga ilikosa thamani. Kufikia miaka ya 1930 wengi walikuwa wafugaji, na Kiyaaku kikamezwa na Kimaasai.

Kuhusu ardhi yao, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, inataja ardhi ya jadi ya wawindaji kuwa ya jamii. Hata hivyo, Mukogodo husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na chama cha wenyeji.