Kupima Ufahamu wa Wasomaji wa Kiingereza Vyuoni: Mazingatio kutoka Manga

Neno "kusoma" katika Kiswahili halimwahidi mtu kwamba ataelewa. Mtoto wa pwani aliyehitimu chuoni amesoma Kurani yote, na hakuna amwulizaye maana ya kila aya. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye "anasoma" sheria au kilimo, yaani ni mwanafunzi wa elimu hiyo. Ekegusii, lugha ya Wagusii, nayo hutumia neno la asili iyo hiyo, "gosoma", kwa maana ya kusoma kitabu na ya kuwa masomoni. Ndipo shule zetu zikahitaji neno la pili, "ufahamu", na hilo nalo halikudumu sana katika maana yake, kwani leo mwanafunzi akiambiwa "fungua ufahamu" hutafuta ukurasa wenye kifungu cha habari na maswali chini yake. Jina la tendo limekuwa jina la karatasi.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja kuhusu karatasi hiyo: kwamba jaribio linaloitwa la ufahamu laweza kupima mambo mengi, ufahamu usiwemo. Mfano wetu ni mwanafunzi wa chuo atokaye Manga. Manga ni nchi ya milima katika kaunti ya Nyamira, inayopakana na ile ya Kisii. Mpaka ilipoundwa wilaya ya Nyamira, sehemu zote hizo zilikuwa wilaya moja. Kwa kawaida mtoto wa huko huanza na Ekegusii nyumbani, hupata Kiswahili sokoni na shuleni, na Kiingereza hukipata zaidi darasani. Kwa mujibu wa sera iliyopendekezwa na Kamati ya Gachathi mwaka 1976, lugha ya eneo hutumiwa kufundishia madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza hushika nafasi hiyo. Akiingia chuoni, tuseme Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi na kupata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2013, vitabu vyake karibu vyote vitakuwa vya Kiingereza. Asipoelewa asomacho, ataandikwa kuwa ni dhaifu katika kilimo au uuguzi, na huenda si dhaifu katika hayo hata kidogo.

Tutazame sentensi hii isiyo na maana: "Mbeku alimsekenda Ndolya kwa kuwa zandiko lake lilikuwa limefwetuka." Swali: Kwa nini Mbeku alimsekenda Ndolya? Kila msomaji wa makala haya atajibu sawasawa, kwamba ni kwa kuwa zandiko lake lilikuwa limefwetuka, naye atapewa alama zote ingawa hajui zandiko ni nini wala kufwetuka ni kufanyaje. Alichotumia ni sarufi na jicho la kutafuta "kwa kuwa". Maswali mengi tunayowatungia wanafunzi wetu kwa Kiingereza ni ya aina hii. Mwanafunzi aliyekwisha fanya mtihani wa KCSE, ambao katika karatasi ya pili ya Kiingereza humtengea alama 20 kati ya 80 kwa kifungu cha ufahamu, amezoezwa miaka minne kutafuta katika kifungu mstari unaofanana na swali. Mazoezi hayo si ya bure, lakini ni ustadi wa kuwinda maneno.

Sasa tuulize swali jingine juu ya sentensi ile ile: Zandiko lilikuwa la nani? Hapa kunakili hakumsaidii mtu. "Lake" laweza kuwa la Mbeku au la Ndolya, na anayejibu hana budi kueleza kilichomwongoza au kukiri kwamba sentensi haikusema. Swali moja fupi limefanya kazi ambayo maswali kumi ya kunakili yasingeifanya.

Kwa wasemaji wa lugha za Kibantu, jambo hili la viwakilishi lina uzito wa pekee, na kwa maoni yetu halijapewa nafasi yake katika upimaji. Mgusii husema "egetabo" kwa kitabu na "emesa" kwa meza, na kitenzi hubeba upatanisho wa kila ngeli, kama ilivyo katika Kiswahili. Tukisema "Mwalimu aliweka kitabu juu ya meza, kikaanguka", hakuna shaka kilichoanguka. Tukisema "ikaanguka", meza ndiyo iliyolala chini. Kiingereza hakina msaada huo. Husema "it fell" kwa vyote viwili, na msomaji ndiye anayetakiwa kuamua kwa kutazama yaliyotangulia na yanayofuata. Katika kitabu cha chuo, ambamo "it", "this" na "which" hurejelea wazo lililotajwa mistari mitatu nyuma, mwanafunzi aliyezoea kuongozwa na ngeli hupotea njia kimyakimya. Anajua kila neno la aya, na aya haijui. Kinyume chake pia ni kweli: Kiingereza humwambia kwa "he" na "she" habari ambayo Ekegusii na Kiswahili haviitoi, naye huenda asiitumie kwa sababu hakuzoea kuitafuta hapo.

Ndivyo ilivyo kwa maneno madogo ya kiasi. "Few farmers agreed" na "a few farmers agreed" zote, kwa tafsiri ya haraka, ni "wakulima wachache walikubali". Ya kwanza ina huzuni ya kukosa watu, ya pili ina faraja ya kuwapata. Mtahini akiuliza kama mwandishi aliliona shauri lake limeungwa mkono, atajua mara moja nani amesoma na nani amepita tu juu ya maneno.

Kuna upotofu mwingine unaotokana na mada ya kifungu. Majani ya chai hulimwa sana Nyamira. Kifungu kikieleza kwamba huchumwa majani mawili na chipukizi, na swali likauliza ni sehemu gani ya mchai inayochumwa, mwanafunzi wa Manga atajibu hata karatasi ikiwa imefunikwa, na mwenziwe wa Lamu atalazimika kusoma. Wako wanaodhani dawa ni kuleta vifungu vya treni za chini ya ardhi za London. Hiyo ni dhuluma ya upande wa pili. Njia bora ni kuchukua jambo linalojulikana na kulipeleka mahali pasipojulikana. Huko Japani, kwa aina fulani za chai, mashamba hufunikwa yasipate jua kwa muda wa siku 20 hivi kabla ya kuchuma, ili kubadili rangi na ladha ya jani. Kifungu juu ya habari hiyo kingemkuta mwanafunzi wa Manga akijua mchai ni nini, lakini sababu ya kuufunika angeipata kwa kusoma tu. Na kila seti ya maswali ingefaa kwanza ijaribiwe kwa kundi lisilopewa kifungu kabisa. Swali la kuchagua jibu moja kati ya manne hujibiwa kwa bahati na robo ya wanaokisia. Wakilipata wengi zaidi ya hapo, swali hilo halihitaji kifungu, na litupwe.

Jaribio la kujaza mapengo, lililobuniwa na Wilson Taylor mwaka 1953 kwa kufuta maneno kwa hatua maalumu, kwa mfano kila neno la tano, hukwepa baadhi ya matatizo haya, maana hakuna maswali ya kutunga. C. Criper na W. A. Dodd walilitumia Tanzania katika taarifa yao ya mwaka 1984, na walipata kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa wangesoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Wanafunzi hao wote walikuwa wameshinda mitihani iliyowafikisha hapo. Hata hivyo tuonye kwamba jaribio hili halihamishiki kutoka lugha hadi lugha. Ukifuta neno la Kiingereza huenda umefuta "the". Ukifuta "hawakunisomea" umefuta ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, tendo na kauli yake. Kulinganisha alama za mwanafunzi mmoja katika lugha hizo mbili kwa njia hii hakuna maana.

Limebaki suala la lugha ya kujibia. Mwanafunzi aelewaye asomacho lakini asiyeweza kuandika Kiingereza safi hupoteza alama za ufahamu kwa makosa ya uandishi, na mhadhiri hajui atibu nini. Katika majaribio ya darasani, ambayo kazi yake ni kugundua ugonjwa, twapendekeza kifungu kiwe cha Kiingereza na majibu yaruhusiwe kuwa ya Kiswahili. Watakaosema kwamba huko ni kulegeza Kiingereza wanachanganya mizani mbili. Uandishi upimwe siku yake. Ekegusii ingefaa zaidi kwa mwanafunzi wa Manga, ila darasa la chuo huwa na watu wa makabila mengi na msahihishaji huenda asiijue. Kiswahili kinatosha kuonyesha alipopotea: aliyeandika "ikaanguka" mahali pa "kikaanguka" ameshamwambia mhadhiri ni "it" ipi iliyomshinda.